Mulki na Ngamia wa Saruji wa Galbet

Jua halijakaa sawa juu ya Galbet, mjini Garissa, na Mulki Barre tayari yumo tumboni mwa ngamia. Anafukiza madumu matupu kwa moshi wa kuni ili maziwa ya leo yasichache mapema. Anakohoa, kisha anamtania mteja wa kwanza.

“Ingia, Eeddo Lul, shangazi yangu, hang’ati. Hana hata mdomo.”

Kweli hana. Ngamia huyu ni jengo la saruji lililopiga magoti, mlango ubavuni, dirisha moja chini ya nundu. Abdisamad, aliyelijenga liwe hoteli, aliliwekea kichwa chenye macho ya buluu. Majirani wakamwambia sanamu yenye uso haifai, naye akakitoa kwa nyundo bila ubishi. Tangu hapo wageni wa mji hudhani ni kichuguu.

Hoteli ilipokosa wateja, Abdisamad alikwenda zake ng’ambo. Mbuzi wakahamia. Miaka sita iliyopita Mulki, mjane wa watoto wanne, aliwatoa mbuzi, akaziba nyufa, akaanza kuuza maziwa. Siku njema humaliza lita arobaini. Wakati wa ukame hata kumi ni bahati.

“Ngamia aliyepotea tunamwita baadi,” anaeleza. “Ukimwokota unamlisha, na maziwa yake unakunywa mpaka mwenyewe aje. Huyu nimemlisha mifuko kumi na tisa ya saruji. Ana tumbo huyu, wallahi!”

Mwezi uliopita maneno hayo yalimgeukia. Guleid, mdogo wake Abdisamad, alifika na mafundi wawili na nyundo zao, abomoe ajenge maduka. Mulki akamsomea habari ya baadi mbele ya wateja wote. Guleid akacheka.

“Vizuri, walaal, dada yangu. Basi wenyewe tumekuja. Rudisha.”

Mila aliyojikinga nayo ndiyo hiyo inamtoa nje. Mulki akamimina kikombe cha maziwa, akampa Guleid, akijipa muda wa kufikiri.

“Baadi hakabidhiwi ndugu,” akasema hatimaye. “Anakabidhiwa mwenyewe. Ukimchinja leo, kesho kaka yako akiniuliza mnyama wake, nimjibu nini?”

“Na sisi ni mashahidi!” akadakia Eeddo Lul.

Guleid akamaliza maziwa, akafuta mdomo, akampigia kaka yake simu palepale, sauti ikisikiwa na wote. Abdisamad alicheka hadi akakohoa.

“Kumbe bado yupo? Msimguse. Nakuja baada ya Idi.”

Mafundi wakaondoka na nyundo zao, wamekunywa kikombe kimoja kila mtu, na wamelipa.

Mulki hajui Abdisamad ataamua nini. Usingizi wake, anasema, siku hizi ni wa kuku.

“Akija nitamkabidhi mnyama wake mzima, ni haki yake. Kisha nitamwomba nafasi ndogo hapa ubavuni nijenge chumba changu. Nitamwambia huyo ni ndama, atakaa wapi kama si kando ya mama yake?”

Anacheka, anaweka dumu chini. “Mabati manane ninayo tayari.”