Aliyetusomea Sheria

Mke wangu hakupenda drafti. Alisema huo ni mchezo wa watu ambao tayari wanajua watashinda. Yeye alitaka mchezo ambao kila mtu anaanza hajui kitu. Kwa hivyo tuliposikia kuna kikundi Voi kinachokutana Jumamosi alasiri kujaribu michezo mipya ya mezani, yeye ndiye aliyenivuta kwenda. Mimi nilitaka kulala.

Tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja si mbali na stendi. Kulikuwa na fundi wa magari, mwalimu wa sekondari aliyetoka Mwatate, mwenye hoteli mwenyewe wateja wakipungua, na sisi wawili. Mmoja wetu akienda Nairobi, alirudi na treni akiwa na boksi jipya kwenye mfuko. Tuliling'oa plastiki, tukamwaga kete na kadi mezani, halafu sote tukaanza kukikwepa kile kijitabu cha sheria. Kiingereza kingi, maandishi madogo.

Mke wangu alikichukua. Alivaa miwani, akaagiza chai ya tangawizi, akasoma kimya huku sisi tukibishana juu ya mpira. Alipomaliza aligonga meza.

"Sasa sikilizeni. Wewe fundi ni mkulima. Shamba lako liko mlimani na mvua imekataa. Utafanya nini?"

"Nitauza ng'ombe."

"Huna ng'ombe. Angalia kadi yako."

Hivyo ndivyo tulivyojifunza kila mchezo, kama tunasimuliwa kitu kilichompata jirani. Yeye mwenyewe alishindwa karibu kila mara, maana zamu yake ilipofika alikuwa bado anamsaidia mwingine. Tukirudi nyumbani nilimlalamikia.

"Umempa mwalimu mchezo wote."

"Ulitaka akae pale akitutazama tu?"

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi la Voi. Alikunywa asali na ndimu, akabadilisha dawa za kikohozi, na darasani, maana naye alifundisha shule ya msingi, akawa anawaomba wanafunzi wakubwa wasome kwa niaba yake. Tulipofika hospitalini Mombasa, daktari alituonyesha picha ya uvimbe kooni. Aliongea polepole sana. Mke wangu alimsikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kwa mnong'ono kama nimeelewa, maana yeye alikuwa ameelewa.

Hakuacha kuja klabuni. Alikaa karibu nami, akaninong'oneza sheria sikioni, nami nikazisema kwa sauti. Nikikosea alinipiga goti chini ya meza. Mara moja nilisema kinyume kabisa, na kabla hajaniwahi, fundi alikuwa ameshatupa dadu na mwalimu ameshachukua kadi. Tulicheza mchezo wote hivyo, vibaya, hadi mwisho. Alicheka sana siku ile, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, bila sauti yoyote. Wenzetu walicheka naye. Mimi niliinamia kete zangu ili wasinione uso.

Alifariki msimu wa mvua. Tulimzika kwetu Bura, udongo ukinata viatuni, na wenzetu wa klabu wakapanda mlima wote kuja. Fundi alibeba jeneza. Mwenye hoteli alifunga biashara yake siku nzima.

Nilirudi klabuni mara moja tu. Walinipokea vizuri, wakaniwekea kiti, na kulikuwa na mchezo mpya. Mwalimu alikichukua kile kijitabu, akakisoma, akatueleza. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua, na kila mtu akaelewa. Nafikiri angekosea ningevumilia. Nilisema natoka kupokea simu, nikaenda zangu nyumbani.

Baadaye mama mkwe wangu alinipigia kutoka Wundanyi. "Mwanangu, ile michezo aliyokuwa akicheza, niletee mmoja niuone."

Nilimpelekea ule wa mkulima. Alisogeza vikombe, akafuta meza kwa kanga, nami nikaupanga ubao mbele yake. Alishika kete moja moja, akaziangalia kwa makini, akazirudisha mahali pake.

"Haya, nieleze."

"Sasa, Mama, wewe ni mkulima," nilianza, na hapo nikakwama. Nilikuwa nimeucheza mchezo ule mara nyingi, lakini sheria zake zote nilikuwa nazo kwa sauti ya mtu mwingine. Nilifungua kijitabu, nikasoma mstari wa kwanza, nikaurudia, nikakifunga.

"Siwezi, Mama. Nisamehe."

"Alikuwa ananipigia kila Jumapili tukitoka kanisani," alisema. "Ananieleza mchezo wa jana wote, nani alifanya nini, nani alimkasirikia nani. Sikuwa naelewa hata kidogo."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia angeacha. Mimi nilitaka kumsikia tu." Alikunja kanga, akaikunja tena. "Halafu sauti ilipokwisha akawa ananiandikia kwenye simu. Maandishi marefu. Nilikuwa naomba msichana wa jirani anisomee. Haikuwa sawa. Nilimwambia mtoto wangu asijichoshe na kuandika, atapona atanieleza."

Alilia hapo, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Kwenye mazishi alikuwa amekaa wima muda wote, na watu walimsifu. Nilihama upande wake wa meza, nikakaa karibu naye, nikamshika mkono.

Jua lilipoanza kushuka aliniuliza kama narudi Voi.

"Nyumba siiwezi, Mama," nilimwambia. "Nikiingia mle siwezi kukaa."

"Basi usiende," alisema, akaenda jikoni kuwasha moto.