Gari Lililowashwa Kila Alfajiri

Iko siku moja ambayo hunirudia kila nikiona kijana kafungua boneti, mwanangu. Na kwa kuwa umekuja mwenyewe kuniuliza namna ya kulifanyia sevisi gari lako kuukuu la milango miwili, itabidi univumilie nianze mbali kidogo. Spana hazikimbii. Mtaani hapa wananiita bibi fundi, na wengine wanadhani nilizaliwa gereji. Nilizaliwa nyumba ya washona nguo, hapa hapa Kariakoo, na mpaka naolewa nilikuwa sijui kwamba gari lina oili zaidi ya moja.

Aliyenifundisha ni marehemu mume wangu, Salumu. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na katika kushinda na magari ya watu akaangukia moja akalipenda: gari la spoti la Kijapani, jekundu, la chini, lililokwisha kuchoka kabla halijapanda meli. Mafundi wa mtaani hakumwamini hata mmoja. Alikuwa akisema, fundi akikurudishia gari muulize kilichotoka kiko wapi. Akikosa cha kukuonyesha, ujue hakuna kilichoingia. Kwa hiyo sevisi yote aliifanya mwenyewe, uani, na mimi nikishika tochi na kumpa spana. Wenzangu walipelekwa ufukweni Jumapili, mimi nilisomeshwa plagi, na wala sikulalamika.

Akafa. Nalisema hivyo tu kwa sababu lilikuja hivyo: homa, hospitali, akafa. Watu hupenda kuuliza kama ilikuwa ajali. Haikuwa ajali. Nikakaa eda nyumbani kwa mama yake, Bi Tausi, mtu wa Kilwa, mwanamke wa maneno machache, katika nyumba hii hii unayoiona, kabla ghorofa hazijatuzunguka na kutuzibia upepo. Eda unaijua: mjane miezi minne na siku kumi hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hagusi manukato. Na gari nalo lilikuwa uani, halina wa kulitoa. Basi tukakaa eda wawili, mimi na gari.

Sasa sikiliza nilichokuwa nikifanya. Kila siku, nikishaswali Alfajiri, nilitoka uani, nikaingia kwenye gari, nikaliwasha. Nilikaa nalo dakika chache, likinguruma palepale liliposimama, kisha nikazima nikarudi ndani. Ukiniuliza ningekujibu kwamba nalinda betri. Lakini betri ilikuwa kisingizio tu. Nilitaka kuusikia mlio wake, kwa sababu ulikuwa mlio wa Salumu akienda kazini, na kwa zile dakika chache nilikuwa sijafiwa. Majirani walisema mjane anachezea magari. Niliwaacha waseme.

Siku moja akaja shemeji yangu Hamisi, mdogo wake Salumu, kijana mwema ila mwepesi wa kuamua. Mimi nikakaa nyuma ya pazia la mlango wa uani kama ilivyo desturi, yeye akafungua boneti, akafungua na kifuniko cha oili. Chini ya kifuniko kulikuwa na utando mweupe, mzito kama maziwa ya mgando.

"Shemeji," akasema, "maji yameingia kwenye oili. Injini imekwisha hii."

"Umeangalia maji ya rejeta kama yamepungua?" nikamuuliza.

"Hata nisiangalie. Weupe huu kila mtu anaujua." Kisha akamgeukia mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye kibao akichambua mchele. "Mama, la kuvunda halina ubani. Pale mtaa wa Gerezani wapo watu wanakata magari, wanauza spea moja moja. Nikiwaita kesho watakuja."

Bi Tausi hakuinua macho kwenye ungo. "Mwenye eda hajatoka," akasema. "Akitoka ndiyo mlikate, kama ni la kukatwa."

Mwanangu, niliogopa. Mume nilikuwa nimeshamzika kwa moyo wa kujikaza, lakini kusikia kwamba watakuja watu na msumeno kulikata gari lake vipande, mlango huku, taa kule, kukanishinda. Nikaamua kwamba kabla eda haijaisha nitalifanyia sevisi kamili kwa mikono yangu mwenyewe, nijue moja. Kama injini imekufa, basi na nione kwa macho yangu.

Taabu ya kwanza ilikuwa vifaa, maana maduka ya spea yako mitaa michache tu kutoka hapa lakini mimi sitoki. Nikafungua filta kuukuu ya oili, ya hewa, na plagi moja, nikamwomba Bi Tausi. Akavifunga kwenye kanga, akavaa baibui lake, akaenda. Aliporudi na spea mpya, oili na mafuta ya breki, akaniambia kwamba vijana wa dukani walimwamkia vizuri, wakamuuliza gari lenyewe la aina gani, naye akawajibu, "Jekundu." Lakini sampuli haisemi uongo, na kila alichokileta kilikuja kuingia mahali pake. Nawe ukienda Gerezani, mwanangu, usiende na maneno matupu, nenda na kitu kuukuu mkononi.

Nikavirudisha kwanza vile vikuukuu, na asubuhi kukishapambazuka nikaliwasha gari mpaka injini ikapata moto, maana oili baridi haitoki yote, hung'ang'ania ndani na uchafu wake. Nikazima. Nikaliinua kwa jeki, nikalikalisha juu ya stendi za Salumu, nikalitikisa kwanza kuona kama limekaa, kisha nikajipenyeza chini. Usije ukaingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja, hata kama unaitwa. Gari la spoti liko chini sana, na mimi wakati ule sikuwa mnene kama hivi, lakini bado pua yangu ilikuwa inakaribia kugusa chuma. Nikaweka beseni, nikalegeza nati ya kumwagia oili, nikasema bismillahi.

Likatangulia tone la maji, dogo. Nikajua Hamisi kasema kweli. Halafu ikafuata oili, nyeusi tii, ikachuruzika mpaka mwisho ikiwa nyeusi vilevile. Nikalala pale chini naitazama. Kama maji ya rejeta yangekuwa yanavuja ndani ya injini, oili yote ingekuwa kama chai ya maziwa. Nikatoka kuangalia rejeta: imejaa, haikupungua hata kidole. Nikafungua plagi zote: kavu. Ndipo nikaelewa. Injini ikiwashwa kidogo na kuzimwa kabla haijapata moto sawasawa, hutoa jasho kwa ndani, kama mfuniko wa sufuria, na jasho lile halipati nafasi ya kukauka. Siku baada ya siku linachanganyika na oili pale juu, linafanya ule utando. Ugonjwa ule niliutia mimi, kwa mikono yangu, kila Alfajiri. Msiba wa kujitakia hauna kilio, basi nikacheka, na nikaziba mdomo haraka kwa sababu kicheko cha mjane hakisikiwi na kuta peke yake.

Nikaendelea kwa furaha niliyokuwa sijaipata tangu mazishi. Nikaweka washa mpya, kile kiduara cha shaba, kwenye nati, filta mpya nikaipaka oili kidogo kwenye mpira wake na kuikaza kwa mkono tu bila spana, nikafuta ule utando, nikamimina oili mpya. Filta ya hewa niliyoitoa ilikuwa na vumbi la Kariakoo la kutosha kufyatulia tofali. Nikabadili oili ya gia, nikabadili plagi moja moja ili nisichanganye waya. Nikabakiza breki.

Breki, mwanangu, ndipo utakapojua maana ya kidole kimoja hakivunji chawa. Mafuta ya breki yakiwa ya zamani lazima uyatoe pamoja na upepo ulioingia, na kazi hiyo haina namna ya kuifanya peke yako kama vifaa vyako ni vya kawaida. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu anafungua kinati, mafuta yanatoka, anafunga, ndipo yule wa juu anaachia. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani na mnaanza upya. Kwa Salumu mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga. Sasa nimekuwa wa chini, na wa juu hayupo.

Nikamwita Bi Tausi. Alikuwa hajawahi kukaa ndani ya gari lile hata mara moja; alisema ni gari la kukaa kama uko mkekani. Akavua ndala, akaingia kwa shida, akaweka mguu mtupu kwenye pedali.

"Kanyaga, mama. Shikilia. Usiachie mpaka nikwambie."

Gurudumu la kwanza likaenda vizuri, la pili likaenda vizuri. Tulipofika la tatu nimelala ubavu, spana imo kwenye kinati kilichofunguliwa, simwoni uso, nauona mguu wake tu. Akasema, "Zuhura, hili gari unaliwashia nini kila Alfajiri?"

"Betri isife, mama."

"Betri," akasema. "Ukuta wa chumba changu ndio huu hapa. Salumu alipokuwa anakwenda bandarini, nilikuwa namsikia anawasha. Nasema, haya, mwanangu kaenda kazini. Nageukia upande wa pili, nalala. Sasa wewe unawasha. Mimi niko usingizini, nasema, haya, mwanangu kaenda kazini. Halafu unazima. Naamka, nakumbuka. Kila siku ya Mungu unanifishia mtoto upya, Zuhura, kwa ajili ya betri."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. Nilibaki pale chini na spana yangu, mpaka yeye mwenyewe akasema, "Hukujua, na mimi sikukuambia. Funga hicho kinati chako, mguu umeniuma."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu, na mimi nilikuwa nalala chumba cha pili kutoka kitanda chenyewe. Watu walikuwa wanakuja kunipa pole mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na eda, yenye siku zinazohesabika na mwisho unaojulikana. Mama wa maiti hana eda. Tanga likishaanuliwa, anaambiwa asubiri, halafu anachambua mchele. Hakuna aliyekuwa anamhesabia siku yule mwanamke, na mimi, niliyeishi naye ndani ya nyumba moja, nilidhani ukimya wake ndiyo tabia yake tu. Nilimaliza gurudumu la nne naona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani.

Siku ile ile nikafungua waya wa betri. Gari halikuwashwa tena. Oili mpya ikakaa ndani bila kujaribiwa, na mimi sikujua kwa hakika kama kazi yangu ilikuwa kazi au mchezo wa mjane. Niliamua afadhali gari likatwe kuliko yule mama aamshwe tena.

Siku ya kutoka eda nikaoga, nikavaa nguo mpya, watu wakaja wakaomba dua, wakala. Walipoondoka, Hamisi akaniambia kwa upole kwamba mtu wa Gerezani yuko nje ya geti. Nikamtazama Bi Tausi. Akasema, "Washa. Nakusikiliza nikiwa macho."

Nikafunga waya wa betri, nikageuza ufunguo. Likakohoa. Nikageuza tena, likawaka, na safari hii sikulizima. Tulisimama pale watatu mpaka injini ikapata moto wake kamili na feni ikaanza kuzunguka. Hamisi akasubiri kidogo, akachukua tambara, akafungua kifuniko cha oili, akatazama, akakifunga. "Safi," akasema, na akaenda mwenyewe kumwambia yule mtu arudi zake.

Nikanyoosha mkono kuzima. Bi Tausi alikuwa ameshavaa baibui lake.

"Usizime," akasema. "Nipeleke alikokuwa akienda."

Tukatoka na Mtaa wa Msimbazi, tukapita Mnazi Mmoja, tukashuka mpaka bandarini, foleni ikiwa ya kawaida tu na malori yakitupigia honi kwa kuwa sikuwa dereva wa kusifika. Nikaegesha kando ya barabara, mbele kidogo ya geti, injini inawaka. Watu wa zamu walikuwa wanaingia na kutoka, mawakala na makaratasi yao kwapani, vijana wa umri wa Salumu. Bi Tausi akawatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema. "Miaka yote nilidhani anakwenda mbali."

Kisha akalia, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa leo. Nami nikalia naye. Hatukubembelezana. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya mtandio, akasema turudi, ana maharage jikoni.

Haya, mwanangu, nasaha zangu ndizo hizi. Gari ukilifanyia sevisi, lifanyie ili liende. Oili ibadili ikiwa ya moto, nati usiikaze kwa hasira, na breki usizifanye peke yako. Ukiliwasha, litembeze, kuliwasha ukalizima palepale si kulitunza, ni kujibembeleza mwenyewe, na gari ndilo litakalolipia. Na ukifiwa, maana utafiwa, usidhani msiba ni wako peke yako kwa kuwa wewe ndiye unayepewa mkono wa pole. Muulize aliye nyuma ya ukuta anasikia nini. Mimi sikuuliza, nikaambiwa nimelala chini ya gari.

Mola akulinde ukiwa chini ya chuma na ukiwa juu ya barabara. Akupe wa kukukanyagia pedali, na wewe akujaalie uwe mguu wa mwenzio. Na kila nyumba utakayoiaga asubuhi, akurudishe jioni kwa wanaokusikiliza.