Shimo Nililowaonyesha Wakwe

Nilisoma hadi darasa la tatu nikaachia hapo, na hili shamba la majani chai karibu na Sosiot nililipata kwa jembe langu, si kwa urithi. Kwa hivyo sifundishwi na mtu namna ya kukaa na watoto wangu.

Binti yangu wa mwisho kazi yake ni kuchora ramani ya mji uliokufa. Uko kisiwani, mbali huko kusini ya pwani ya Tanzania, mahali masultani wa Kiislamu walikuwa na makao yao makuu zamani sana. Zimebaki kuta za mawe, msikiti, visima na makaburi, na miti imekalia juu. Yeye na wenzake wanapima kila ukuta, wanauweka kwa ramani.

Nilienda kuona mwenyewe, maana sipendi kusimuliwa. Nikapata shimo la mviringo lenye mawe kando, nikawatangazia wote kwamba hilo ni boma la ng'ombe. Binti akacheka mpaka akaketi chini.

"Baba, hicho ni kisima kimebomoka. Hawa watu walikula samaki."

Sikuona aibu. Kwetu shimo la mviringo ni boma la ng'ombe, la wale watu wa kabla yetu tunaowaita Sirikwa. Ninalo moja katikati ya majani yangu. Wazee walikataza kuyafukia, basi nikapanda chai nikalizunguka.

Mwaka jana wakaja watu wa koito, kupatana ng'ombe za mahari ya huyo binti. Kijana mwenyewe ni mwalimu, sina neno naye. Msemaji wao alikuwa mjomba wake, mzee wa kanisa kutoka Mogogosiek. Ng'ombe tulielewana upesi. Halafu akakohoa. Akasema wamesikia msichana anashinda kwa makaburi ya Waislamu, na laana ya namna hiyo humfuata mtu hadi nyumbani kwa mumewe. Aache hiyo kazi kwanza, ama hakuna harusi.

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Alijua mdomo wangu. Mimi nikamwita binti kutoka jikoni, nikamuuliza mbele yao wote. Alimwangalia kijana kwanza. Kijana akaangalia viatu vyake.

"Kazi siachi, baba."

Nikawaambia wageni wasimame twende shambani. Wakanifuata na suti zao katikati ya majani yenye maji ya mvua, mpaka kwa lile shimo.

"Mzee," nikamuuliza mjomba, "kwako Mogogosiek hakuna shimo kama hili?"

Akakubali kwamba yapo mawili.

"Ulipanda nini hapo?"

"Chai."

"Basi wewe unachuma majani juu ya boma la watu usiowajua, na unakunywa na maziwa. Laana imekufuata hadi wapi?"

Shangazi ya kijana akajifunika mdomo na leso, mabega yakitingika. Waliondoka bila kugusa mursik, maziwa lala ya kibuyu tuliyowawekea. Niliinywa mimi.

Asubuhi binti akatoa futi yake ndefu, akapima shimo letu kama anavyopima kule kwa masultani, akalichora, kisha akarudi kazini. Kijana hupiga simu. Mimi humwambia aongee na mjomba wake kwanza.

Ile ramani ya shimo letu nimeitundika sebuleni, mbele ya kiti cha mgeni. Mjomba akirudi, hapo ndipo nitakapomketisha.