Khanga za Pongezi

Kwenye hafla yetu ya kuchangisha fedha, ukumbini Kariakoo, niliitwa mbele nipongezwe kwa kutetea wanawake wanaopigwa na waume zao. Wenzangu walikuja wakicheza, kila mmoja akinizungushia khanga mpya juu ya nyingine, mpaka mikono ikanasa ndani. Simu ikalia kifuani, kwa mlio niliomwekea binti mmoja wa Magomeni. Nilishamwambia, “Mumeo akikugusa tu, nipigie.” Nikapiga kelele waniache. MC akacheka: “Mama analia kwa furaha!” Furaha gani? Vigelegele vikazidi, simu ikanyamaza. Nilipochomoa mkono nikampigia, hakupokea. Nikakimbilia kwake na khanga zangu zote. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja akaninyooshea mkono: “Mama, tupe hizo tumfunike.”