Baiskeli yangu ilivyofungisha hoteli ya Mzee Pazi, Mlandizi

Wakuu, salaam kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, na mke wangu anasomea begani kwangu kuhakikisha siongezi chumvi.

Miguu yangu ilipooza kwa polio nikiwa mdogo, kwetu Msimbu, Kisarawe. Miaka ya mwanzo ya themanini, enzi za foleni za sukari, nilikuwa fundi viatu Mlandizi. Natembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedeli kwa mikono.

Hoteli ya maana ilikuwa moja, ya Mzee Pazi. Chai ya maziwa, vitumbua, redio kubwa. Ila msingi wake ulikuwa juu utadhani ikulu, na mbele ni ngazi tupu.

Mtasema si ungebebwa?

Nilibebwa mara moja na wateja, siku ya mpira. Wakanikalisha vizuri karibu na redio, baiskeli ikabaki nje. Timu yao ikafungwa, wote wakaondoka kwa hasira na kunisahau. Nikabaki na Mzee Pazi anafagia kunizunguka. Na nilikuwa na haja ndogo, wakuu, siwafichi.

Nikaapa sitaingia tena mpaka niweze kutoka mwenyewe. Chai nikawa naletewa nje, nanywa na kuku.

Akaja bwana afya mpya wa wilaya, kijana wa kaunda suti. Akaniona pale na kuku. Akatoa amri: hoteli isiyo na njia ya walemavu haipati leseni.

Mzee Pazi alifoka wiki nzima. "Serikali imemaliza kazi zote, imebaki na ngazi zangu?"

Lakini akahangaikia kibali cha saruji, maana bila kibali ulikuwa huioni, akajenga ramp, ile njia ya mteremko pembeni ya ngazi. Imenyooka, imesakafiwa mpaka inang'aa.

Siku ya ukaguzi watu walijaa. Nikazungusha pedeli kwa mbwembwe. Gurudumu la mbele likapanda. Ya nyuma yakagoma, moja huku, moja kule. Ramp ilikuwa nyembamba!

"Mzee, ulipima na nini?" bwana afya akauliza.

"Na baiskeli, kwani na nini!" Akaonyesha ya kwake, ya magurudumu mawili, imeegemea ukutani.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee akaninong'oneza, "Mwanangu, sema inatosha. Tutakubeba. Chai bure mpaka nife."

Chai ile niliitamani kweli. Nikakumbuka ile haja ndogo.

"Haitoshi," nikasema.

Hoteli ikafungwa palepale. Mlandizi nzima ikaninunia, viatu vya kushona sikuletewa. Watu bila chai wanakuwa wabaya, wakuu.

Sasa balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akiita watu kwenye kazi za kujitolea, wanajificha kwenye mihogo. Safari hii walikuja na majembe kupanua ramp bila kuitwa. Mzee Pazi naye akatoa saruji aliyokuwa ameapa imekwisha. Wakachukua baiskeli yangu wakapimie, mimi wakaniacha nimekaa kwenye mkeka kibandani kwangu, siendi popote. Bado walikuwa hawajaelewa somo.

Bwana afya akarudi, nikapanda mpaka ndani, hoteli ikafunguliwa. Nikaagiza chai, nikanywa kidogo, nikageuza nikatoka. Nikaingia tena. Nikatoka tena.

"We vipi, unaingia unatoka?" Mzee Pazi akauliza.

"Najaribu kuondoka, Mzee. Siku ya mpira nilishindwa."

Akasimama na birika mkononi. "Ningejuaje? Nilikuona umetulia, nikadhani umenogewa."

Roho iliniuma, maana alisema kweli: siku ile sikumwambia kitu. Akanijazia kikombe. Nilipomaliza nikaondoka bila kuaga mtu, na barabarani nilikuwa nacheka peke yangu.

Nilichojifunza: wa kukubeba uingie utawapata, ila saa ya kutaka kuondoka hutawaona. Tujengeeni njia.

Mke wangu anasema niandike kwamba nilirudi kesho yake kwa ajili ya mkaanga vitumbua, yaani yeye. Hilo sipingi.

Mwenye duka lenye ngazi tupu aje ajitetee hapo chini, nipo nakunywa chai.