Vigingi vya Mjomba

Miaka ile ya tisini nilitoka Mlabani, pale Ifakara, kwa hasira. Mjomba alinitumia salamu mara tatu kwa wiki moja: shamba lake la mpunga kule Chita limo kwenye orodha ya kuzamishwa na bwawa la umeme, nije upesi, mimi msomi. Mimi ni fundi cherehani!

Ndani ya treni nilikalia gunia la mchele, na mwenyewe akanigombeza njia nzima kwamba naponda mchele wake.

Chita, asubuhi ya pili. Mpimaji wa watu wa umeme alitueleza kwa upole. Watajaza mawe kuziba bonde la juu, na jingine chini. Mchana maji yatashuka kuzungusha mitambo. Usiku mashine zitayavuta tena juu.

"Sasa mnayateremsha ya nini?" mjomba akauliza. Nikamkanyaga mguu.

Tukafuata vigingi vyekundu vya ukingo wa maji. Mpimaji akasimama.

"Mbona mstari unapanda kilima? Maji hayatuami hivi."

"Si umesema mtayapandisha?" mjomba akadakia.

Mjomba alikwepa macho yangu, nikaelewa. Kwetu bondeni kigingi ni mpaka wa shamba. Alipoona vimempita pembeni, aliving'oa akavizungusha shamba lake lote, na hatua kumi za jirani yake, Mama Severini, juu yake. Alidhani anajiongezea ardhi, kumbe anajitia majini, maana orodha ilifuata vigingi!

"Mjomba, jamani! Hukuuliza?"

"Ningeuliza si wangeniambia nirudishe?"

Nilitaka kulia. Mpimaji akasema atalifuta jina lake kwenye orodha, ila aliyevisogeza aseme mwenyewe mbele ya jirani, kisha aweke dole gumba kwenye karatasi. Mama Severini akaitwa. Mjomba akaninong'oneza, "Bora lizame."

"Watoto watakula aibu?" nilifoka.

Akakohoa weee, mwisho akasema, "Mama Severini, nilikuibia hatua kumi."

"Najua. Nilikuona ukiving'oa. Mimi niliuliza vigingi ni vya nini, nikaambiwa. Nikasema moyoni, mimi nitapoteza hatua kumi, yeye shamba zima. Acha aendelee."

Mjomba akaweka dole gumba.

Nikarudi Ifakara siku hiyohiyo, shamba limepona. Nilikwenda nikidhani nampigania mjomba kwa watu wa umeme. Kumbe aliyekuwa akingoja azame ni jirani anayemwamkia kila asubuhi, na kusema kweli, sikuweza hata kumlaumu.