Mdoli wangu anaongea kama mama mkwe, na ndoa inataka kuvunjika

Admin, jina langu lifiche na la mwanaume usilitaje, Mtwara hapa tunajuana. Nina miaka 26, Myao, naishi Rahaleo, kazi yangu ni steshenari, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Nimeposwa, na ndoa tulipanga iwe korosho zikishauzwa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikikosea mnivumilie.

Kuna programu ya Kijapani ya kutengeneza waimbaji ambao si watu. Unachora mdoli wako, unachapa maneno, unapanga sauti ipande wapi na ishuke wapi, yeye anaimba. Sauti yenyewe ni ya dada mmoja wa huko kwao, walimrekodi wakaikatakata silabi kwa silabi. Mimi sauti sikujaliwa, nikiimba hata paka anatoka nje, ndiyo maana ile programu niliipenda kupita kiasi. Nikachora binti, nikamvisha kitenge, nywele nikampa rangi ya bibo lililoiva, nikamwita Rehema. Wimbo wake wa kwanza niliutunga mwenyewe, wa kumkaribisha mtoto mchanga Mtwara, nikaurusha mtandaoni.

Sasa balaa likaanzia hapo. Wajapani hawana L na R mbili kama sisi, wana moja tu iko katikatikati. Na ile M ya kusimama peke yake mbele ya T hawana, inageuka N. Kwa hiyo Rehema wangu hasemi "karibu mtoto Mtwara." Anasema "kalibu ntoto Ntwala." Watu wa kusini mshaelewa, mashine imetoka Japani inaongea kama bibi wa Kimakonde. Watu walicheka, wakaupenda, wimbo ukasambaa mpaka bodaboda wakawa wanasalimiana nao. Nilifurahi, sikatai.

Mama wa mchumba wangu yuko Mahurunga. Alivuka Ruvuma akitokea upande wa Msumbiji akiwa msichana, Kiswahili alikikuta huku, na anakiongea kwa lafudhi hiyo hiyo. Siku moja kaja mjini na mihogo yake mikavu, kakaa sokoni, kafungua mdomo kumkaribisha mteja. Vijana wakamdaka. Wakamzunguka na simu, wanamwekea wimbo, wanamwambia aitikie. Mama akafunga mzigo wake akarudi Mahurunga hajauza kitu, na kabla hajapumzika mtu kamwambia kwamba huo wimbo katunga mkweo.

Mchumba wangu alinipigia, hata salamu hakuna. Eti mama anaamini kila nilipokwenda kwao nilikuwa namrekodi kwa siri, kisha nikamweka kwenye kompyuta watu wamcheke. Nilimweleza habari za Wajapani mpaka koo likanikauka. Akaniuliza, "Wajapani wanaijulia wapi Mtwara?" Jamani, mtu kama huyo unamjibu nini?

Nikaazima laptop ya bosi, nikaenda Mahurunga mwenyewe. Nikachapa jina la mama mbele ya macho yake, Rehema akaliimba. Nikamwapia wallahi kwamba ile ni mashine, na kwamba haiwezi kutamka vinginevyo. Alinisikiliza vizuri tu. Akasema kama ni mashine basi hana neno, akanipakulia chakula, nikarudi Rahaleo moyo kwatu.

Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini kiherehere changu mimi. Nilitaka kumfurahisha zaidi. Siku ya mapumziko nikakaa na programu, nikagundua kwamba nikichapa "mutoto" halafu ile U nikaiminya iwe fupi sana, M inasikika. R nayo nikaipata kwa kuchanganya na sauti nyingine. Rehema akaimba Kiswahili cha redioni kabisa. Nikamtumia mama kwenye simu ya binti yake, nikakaa nasubiri sifa.

Mama akapiga. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili cha kawaida, alivyoyatamka siandiki, msije mkacheka na hapa. Alisema, "Kumbe anarekebishika. Mimi ndiye sirekebishiki, ndiyo maana ukamwacha kwanza aseme kama mimi." Nikamwambia sikujua kama inawezekana, nimejua juzi tu. Akasema niliapa mbele yake kwamba haiwezekani, na jina la Mungu si la kuchezea. Akakata.

Nimechoka, wallahi. Nina hasira na wale vijana wa sokoni, nina hasira na mchumba anayenisikiliza kama vile mimi ni mwizi aliyekamatwa. Yeye anataka nifute nyimbo zote na Rehema mwenyewe, kisha nikaombe radhi mbele ya wajomba zake, la sivyo posa irudi. Nikifuta, ni kama nakiri kwamba nilimcheka mama, na sikumcheka. Ile lafudhi niliipenda. Ilifanya wimbo usikike wa kwetu, ukatoka Japani ukafika nyumbani. Nikimwambia mchumba hivyo anasema najitetea.

Hayo yote ningeyabeba. Ila jana wifi kaniambia mama amerudi sokoni, na sasa haongei. Mteja akiuliza bei anamwonyesha vidole. Akisalimiwa anatikisa kichwa. Mama aliyekuwa anamwita mteja tangu yuko mbali, anamtania mpaka ananunua, leo anakaa kimya nyuma ya mihogo yake akiogopa mdomo wake mwenyewe.

Kwa hiyo nyie mnaosoma, msinijibu habari za mwanaume, huyo tutamalizana. Kuna yeyote hapa ana mama au mkwe anayechekwa akiongea? Huwa mnamwambia nini? Nikifika Mahurunga, nikamwamkia mama mlangoni, niseme neno gani ili anijibu kwa sauti yake?